Barua kwa Somo: Samaki Anayengoja Bamvua

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wazee. Barua yako niliipata, na swali lako nimetembea nalo wiki nzima: "Huko Marekani unasomea nini hasa, samaki au dawa?" Samaki, somo. Tena samaki mdogo, urefu wa kidole, anayekaa kwenye vijito vya maji ya chumvi pwani ya Atlantiki, toka Kanada hadi Florida. Wataalamu humwita Fundulus heteroclitus. Wewe uliyekulia Pangani utamwelewa upesi kuliko wenzangu wengi humu maabara, maana maisha yake yamefungwa na bamvua, yale maji makubwa kuliko yote.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa mpaka mwisho, jike hupanda nayo akataga juu kabisa, ndani ya makombe matupu ya kome au kwenye mashina ya nyasi. Maji yakitoka, mayai hubaki hewani na unyevu wao, kama wiki mbili. Bamvua nyingine ikija kuyafunika, oksijeni inayofika ndani ya yai hupungua ghafla. Kijisamaki hubanwa pumzi, kikatoa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) cha kuyeyusha ganda, kikatoka. Akiwahi, hayuko tayari kwa maji. Akichelewa, maji yameshaondoka.

Kimeng'enya ninachokifuatilia mimi ni kingine, LDH, kinachogeuza piruveti, kitu kinachopatikana seli ikivunja sukari, kuwa lakteti na kuirudisha. Kimeungwa kwa vipande vinne. Kwenye misuli vipande vya aina ya A ndivyo vingi, kwenye moyo B, na jicho lina chake, C, ambacho huonekana retina inapoanza kukomaa. Kazi ni ileile, lakini kila tishu ina mchanganyiko wake. Mwaka 1959 wanasayansi Markert na Møller waliziita aina hizo isozaimu.

Jeni ya B kwa samaki huyu ina aleli mbili, yaani sura mbili za jeni ileile. Moja imetawala kaskazini kwenye maji baridi, nyingine kusini. Mwaka 1982 watafiti DiMichele na Powers walionyesha kwamba mayai yenye aleli ya kusini pekee huanguliwa kwanza, ya kaskazini mwisho, machotara katikati. Aleli hizo hubadilisha kiasi cha ATP, kemikali inayobeba nishati, ndani ya seli nyekundu za damu, na ATP ndiyo inayoamua hemoglobini, protini ya kubeba oksijeni, iishike kwa nguvu gani. Jeni moja, somo, inagusa saa ya kuzaliwa! Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Jumanne nilipata matokeo yangu mwenyewe. Tulichanganya jike la kaskazini na dume la kusini, nikasaga mayai ya umri mbalimbali, nikayapitisha kwenye jeli ya wanga kwa umeme, ili kila aina ya LDH ijitenge kwenye mstari wake. Jeli ya kwanza ilipata joto ikaharibika. Nikarudia nikiwa nimeizungushia barafu. Kisha nikaitia rangi ya kuonyesha LDH nikaifungia gizani. Kwa mayai machanga, upande wa B ulitokea mstari mmoja wa buluu, wa mama peke yake: bado wanaishi kwa akiba aliyowawekea. Kwa wakubwa waliokaribia kutoka, mistari mitano, ya kando hafifu, wa katikati mzito. Ukipanga vipande vinne vya mama na baba ovyo, toka vyote vya mama hadi vyote vya baba, unapata 1:4:6:4:1, na ndivyo macho yangu yalivyoona. Pale baba anapoanza kusikika ndani ya mtoto, unamwona. Nililia, somo, na sioni haya kukuandikia.

Ijumaa kuna bamvua, tutakwenda kuokota mayai mengine alfajiri. Nina ombi: muulize baba yako, miaka yote hiyo baharini, kama amewahi kuona samaki wa kwetu akitaga juu ya mstari wa maji kupwa, kwenye mizizi ya mikoko au popote. Akimjua, niandikie jina analomwita na mwezi anaomwona.

Mie somo yako

Nimekuwekea picha ya ile jeli. Mstari wa katikati ndio huo.