Barua ya wazi kwa mbunge wetu: kwa nini advansi ya gari ihesabike, yangu isihesabike?

Mheshimiwa Mbunge,

Kwanza pokea salamu kutoka wilayani kwako. Natumaini hujambo, familia haijambo, na ofisi yako kule Washington inapata joto la kutosha.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kwenye kampeni za 2024 kipeperushi chako kilifika mlangoni kwangu kikiwa kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo mfasiri unaye. Mwite tena. Isitoshe nataka na wenzangu wasome, wale wa viwanda vya nyama na wale wanaohudumia wazee usiku, kwa sababu wengi yamewapata haya haya na kila mmoja anadhani ni nuksi yake peke yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa dada anayetujazia fomu za kodi. Alichukua karatasi za mafundi walionifungia pampu ya joto nyumbani, ile mashine ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba, akashuka nazo kwa kidole mstari kwa mstari, akasimama palipoandikwa siku ya kumaliza kazi: 9 Januari 2026. Akavua miwani. "Kaka, hii haiingii." Nikamfunulia ukurasa wa kwanza. Mkataba umesainiwa Novemba 2025. Advansi, yaani malipo ya awali, nusu ya gharama yote, imelipwa Novemba 2025, na risiti ipo. Akaniambia sheria haiulizi ulilipa lini, inauliza mashine ilifungwa lini. Dola 2,000 za punguzo la kodi nilizokuwa nimeshazipangia kupunguza mkopo wa benki zikaishia pale pale.

Kwa siku zisizofika kumi, Mheshimiwa.

Nikukumbushe tulikotoka, maana mnapitisha mengi huko. Agosti 2022 Rais Biden alisaini sheria iliyompa mwenye nyumba punguzo la kodi la asilimia 30 ya gharama za pampu ya joto, mwisho dola 2,000 kwa mwaka. Wa kuziba dari na kubadilisha madirisha na milango naye alikuwa na fungu lake, mwisho dola 1,200. Mpango uliandikwa kwamba utakwenda hadi mwisho wa 2032. Mtu ukipewa miaka kumi unajipanga: mwaka huu dari, mwaka kesho madirisha, mtoto akimaliza shule ndiyo mashine. Tulijipanga hivyo. 2024 nilijaza sufi ya kuzuia baridi darini, nikapata punguzo langu bila kelele. Halafu 3 Julai 2025 mkaipigia kura sheria mpya, 218 kwa 214, Rais Trump akasaini kesho yake, na 2032 ikageuka kuwa 31 Desemba 2025. Kura yako ilikuwa miongoni mwa zile 218. Wangebadili mawazo wawili tu, mswada ungekwama.

Sikatai kwamba sheria hiyo ina mema yake. Punguzo la ovataimu nimelipata, na kwa mtu anayeshinda na kisu kiwandani hata Jumamosi, si haba. Ahsante. Ila mkono wako wa kulia ulipokuwa unatoa, wa kushoto ulikuwa umeshaingia mfukoni mwangu.

Na usije ukasema nilichelewa kwa uzembe. Mwishoni mwa Oktoba fundi alikuja kukagua fanesi yetu, lile tanuru la gesi la besmenti ambalo umri wake unampita binti yangu wa kwanza. Akapenyeza kikamera chembamba ndani, akaniita nitazame kwenye simu yake. Kulikuwa na ufa umetambaa kwenye chuma kinachotenganisha moto na hewa tunayopumua. Akasema monoksidi ya kaboni, ile hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, na humu ndani mna watoto. Akafunga gesi, akatundika karatasi nyekundu kwenye bomba, akakusanya vifaa vyake akaondoka. Usiku ule mke wangu alilaza watoto wote chumba kimoja, na hita ya umeme tuliyoazimwa na mzee wa kanisa. Sitakuandikia bili ya umeme ya mwezi uliofuata. Ukitaka nitakutumia nakala.

Tungeweza kununua fanesi nyingine ya gesi. Tulichagua pampu ya joto kwa sababu ni mashine moja inayofanya kazi mbili, inapasha nyumba Januari na kuipoza Julai. Wewe ni mwenyeji wa hapa, Julai unaijua: unyevu wa mashamba ya mahindi ukichanganyika na jua lile, viyoyozi vyetu vya dirishani vinanguruma usiku kucha na bado shuka linalowa jasho. Na tulichagua kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa imetuambia chagueni hii, tutawasaidia.

Kwa nini kazi ilichukua muda? Mimi si mtaalamu, nakisia tu kwa niliyosikia. Kuanzia 2025 viwanda viliacha kutengeneza mashine mpya za nyumbani zenye gesi ya zamani ya kupozea, R-410A, na mitungi ya ile mpya, R-454B, ikaadimika kiangazi chote. Huenda kampuni ilikuwa bado haijajikwamua. Fundi mmoja alilaumu ushuru wa bidhaa za nje. Mwenzake, bosi alipotoka nje kupokea simu, alininong'oneza kwamba wamechukua kazi kuliko mikono waliyo nayo, kwa kuwa mji mzima unaikimbiza Desemba. Pengine yote matatu ni kweli. Lakini hilo la tatu ni lenu. Mlipokata miaka saba mkabakiza miezi sita, mlitegemea watu wafanye nini? Kila mwenye nyumba alipiga simu, na wale waliokuwa na pesa taslimu walitangulia foleni. Sisi wa mkopo tulisubiri benki, tukasubiri mashine, tukasubiri sikukuu zipite.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonikosesha usingizi nilipolisoma.

Punguzo la kununua gari la umeme nalo mlilifuta, mwisho 30 Septemba 2025. Lakini kwa magari mamlaka ya kodi ilitoa ufafanuzi: aliyesaini mkataba rasmi na kulipa kiasi fulani kabla ya siku hiyo kupita anahesabika, hata kama gari lenyewe atakabidhiwa baadaye. Advansi inatosha! Mwenye kampuni ya kujenga mashamba ya umeme wa jua na upepo naye hakuachwa, mlimwambia akianza ujenzi kabla ya 4 Julai 2026 kupita yuko salama. Kuanza tu. Anayejenga nyumba mpya zisizokula nishati nyingi akapewa hadi 30 Juni 2026. Kisha mkafika kwa baba mwenye karatasi nyekundu kwenye bomba la gesi, theluji iko mlangoni, mkamwambia yeye amalize.

Advansi ya gari ni pesa, advansi ya joto la watoto si pesa?

Nielezwe. Siandiki kwa kejeli hapa, naomba kweli nielezwe na mtu aliyekuwa kwenye chumba hicho. Mke wangu anasema ni kwa sababu kampuni zina watu wao wa kuzungumza nanyi korido kwa korido, na sisi hatuna. Mimi bado nataka kuamini kwamba mlisahau tu. Mkisahau, mnaweza kukumbuka.

Na mimi nina afadhali. Kuna mama jirani yetu, mjane, tulitoka naye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Anafua mashuka hotelini, ana watoto wanne, na kwa kipato chake hadaiwi kodi ya mapato. Hata ile sheria ya zamani ilipokuwa hai haikumsaidia, kwa sababu lile lilikuwa punguzo la kodi, na asiyedaiwa hana cha kupunguziwa, wala huwezi kulipeleka mwaka unaofuata. Watu kama yeye walitengewa njia nyingine ndani ya sheria hiyo hiyo: dola bilioni 8.8 za marejesho kupitia serikali za majimbo. Mwenye kipato kisichofika asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake aliwekewa hadi dola 8,000 za pampu ya joto, zikatwe moja kwa moja kwenye ankara, asikope. Hiyo ni 2022. New York walianza kutoa 2024. Januari 2025 ikaja amri ya Rais ya kusimamisha malipo, baadhi ya majimbo yakafunga milango, mengine yakafungua tena. Mama huyu kila akiuliza anaambiwa aangalie tena baadaye. Na hata ule msaada wa kulipia gesi na umeme wakati wa baridi ulichelewa mwaka jana, serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na watumishi wanaousimamia kule Washington walikuwa wameshaachishwa kazi tangu Aprili. Nimemkuta anapasha sebule kwa oveni, mlango wake wazi, mtoto mdogo akicheza hatua mbili kutoka pale. Nikaufunga. Nilipotoka najua aliufungua tena, ningefanya hivyo hata mimi.

Mheshimiwa, ulikuja kwenye ukumbi wa kanisa letu. Ulikula sambusa zetu, ukaomba na za kubeba. Ukasema familia zinazofanya kazi kwa bidii zitabaki na pesa zao mfukoni. Nilikuwa safu ya tatu, nilipiga makofi kwa nguvu. Niliposikia habari ya kodi nikaiandikia ofisi yako barua ya heshima. Jibu lililokuja, naamini limeandikwa na kompyuta, lilinishukuru kwa maoni yangu kuhusu usalama wa mpaka. Mimi mpaka wa Marekani niliuvuka kwa ndege, nyaraka zote mkononi, na uraia mkanipa wenyewe. Nilikuwa nauliza kuhusu fanesi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba mrudishe 2032. Mke wangu akacheka. Basi nikataka kuomba marejesho ya yule mama yafunguliwe, na hilo bado naliomba, tafadhali piga simu kwa wenzako wa serikali ya jimbo uwaulize pesa ziko wapi. Lakini najua barua yenye maombi mengi hujibiwa lile jepesi. Kwa hiyo shika hili moja.

Peleka mswada mdogo. Aliyesaini mkataba na kulipa advansi kabla ya 31 Desemba 2025 kuisha, mashine ikafungwa 2026, ahesabiwe. Ukurasa mmoja unatosha. Kanuni iko tayari, ni ile ile mliyowapa wanunuzi wa magari, toeni gari muweke pampu ya joto. Hamtatoa senti kwa mtu ambaye hakuwa amelipa wakati sheria bado iko hai. Risiti ninazo, mkataba ninao, picha ya ile karatasi nyekundu ninayo, na nambari ya mashine fundi aliniandikia juu ya boksi nikaikata nikaihifadhi. Wapo wengi wenye karatasi kama hizi, na sasa wameanza kuniletea.

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ni 15 Aprili. Sisi sheria inaturuhusu kuomba tuongezewe muda hadi 15 Oktoba, na nitaomba, ili nikusubiri. Wewe unakuja kwetu kuomba kura 3 Novemba. Nijibu kabla ya hapo, na tafadhali, jibu lihusu advansi.

Wako mtiifu,

Mpiga kura wako, safu ya tatu