Makadeti waelezwe wanapimwa kwa mizani gani

MHARIRI,

Jumatatu ya juma lililopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani pamoja na mama yake, wameshika barua ya mwaliko wa kujiunga na jeshi kama kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa. Walikuja kunishukuru. Binti alipata B+ katika KCSE, alikuwa nahodha wa voliboli na kiranja wa bweni, na ni mimi niliyemtia moyo tangu kidato cha tatu kwamba anafaa kuwa afisa.

Niliisoma ile barua mara mbili. Karatasi nzito, nembo ya taifa juu, mhuri wa zambarau chini. Kilichonishtua ni neno Lanet, mahali kilipo chuo cha maafisa wa jeshi letu, lililoandikwa "Lannet". Nikalowesha kidole nikausugua mhuri; ukachujuka pamoja na maandishi yaliyoupitia, maana vyote vilitoka kwenye printa moja. Mama alinitazama usoni, akaelewa kabla sijafungua kinywa. Anauza mboga Kariobangi. Alikuwa amemlipa mtu Sh280,000, nyingi zikiwa mkopo wa chama chake cha akiba.

Nilimuuliza, kwa ukali ambao sasa naujutia, nani alimwambia kwamba nafasi ya jeshi hununuliwa. Akanijibu: "Mwalimu, yule bwana alinieleza kila hatua. Nyinyi wengine wote mliniambia niombe Mungu."

Jibu hilo limeninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Jeshi letu hutangaza kila mara kwamba usajili ni bure, na kwamba anayetoa au kupokea hongo atashtakiwa. Ni onyo zuri. Lakini onyo halimfundishi mzazi jinsi mtoto wake atakavyopimwa. Matangazo ya miaka ya karibuni yanataja masharti ya mlangoni: uwe Mkenya, umri kati ya miaka 18 na 26, gredi ya wastani ya B kwa kadeti, urefu usiopungua mita 1.60, uzani wa kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, usiwe na rekodi ya uhalifu. Vijana wetu wameyakariri. Hapa Eastlands utawaona alfajiri wakikimbia kabla matatu hazijajaa barabarani, na najua nyumba ambayo fremu ya mlango ina alama ya kalamu kwenye mita 1.60. Wanaotimiza masharti hayo ni wengi kuliko nafasi. Basi kati yao anachaguliwa nani, na kwa sababu gani? Hapo tangazo linaishia, na hapo ndipo tapeli anapoanzia maelezo yake.

Na tusichanganye kurutu na kadeti. Kurutu, anayeingia kama askari wa kawaida, anasajiliwa uwanjani, anapimwa mbio, meno, macho na nyayo, na matokeo yanajulikana siku ile ile. Kadeti anakwenda kufunzwa kuongoza wenzake, na pengine kuamua nani atangulie mahali penye hatari. Kipimo chake lazima kiwe kirefu zaidi, na kwa sababu hiyo kinahitaji kuelezwa zaidi.

Wenzetu wanaeleza. Chuo cha West Point nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802, kimejulisha waombaji kwa miaka mingi mgao wa alama zake: takribani asilimia 60 ni masomo, 30 ni uongozi, 10 ni uwezo wa mwili. Jaribio la mwili lina sehemu sita, zikiwemo kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti na kukimbia maili moja, na mtoto anaweza kujizoeza nyumbani mwaka mzima. Mgao huo unanifurahisha kama mwalimu, kwa sababu ule uongozi wa asilimia 30 ni mambo ya shuleni hasa: michezo, vyama vya wanafunzi, kazi za kujitolea. Nikiri kwamba lipo jambo lao moja ambalo nisingependa lifike hapa. Wengi wa waombaji hulazimika kupendekezwa na mbunge wao au seneta. Nikiwafikiria wabunge wetu na orodha za basari, sina haja ya kueleza zaidi.

Uingereza wana njia nyingine. Kabla ya kwenda Sandhurst, chuo chao cha maafisa, mwombaji hupitia bodi ya uteuzi mjini Westbury kwa siku kadhaa. Kikundi kinapewa mbao, kamba na mapipa wavuke kizuizi, na kila mmoja anapata zamu ya kuongoza. Kuna fumbo la kupanga safari lenye hesabu za mwendo, umbali na saa, kisha anahojiwa akiwa amebanwa na muda. Wakati wote huo waombaji huvaa vizibao vyenye nambari na huitwa kwa nambari hizo. Nilipolisoma hilo nilitulia nikafikiri. Katika nchi ambayo jina la ukoo humtambulisha mtu kabla hajasalimia, kijana kuitwa Nambari Saba kungekuwa ulinzi mkubwa.

Katiba yetu, Kifungu cha 241, inataka uongozi wa jeshi uakisi sura ya maeneo na jamii zote za Kenya. Jeshi halitangazi nafasi za majenerali wakaombe watu wa nje, linawalea lenyewe. Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kufika cheo hicho nchini, alijiunga mwaka 1983 na akakipata mwaka 2018. Ni miaka 35. Kwa hiyo sura ya makao makuu ya miaka ya 2050 inaamuliwa na wanaoketi kuwahoji makadeti leo.

Wapo watakaosema hizo ni siri za ulinzi. Sikubaliani. Hakuna anayeomba maswali ya usaili wala majina ya wanaohoji. Ninachoomba ni tangazo lijalo liseme masomo yana uzito gani, uongozi una uzito gani, mwili una uzito gani, na kila aliyefika hatua ya mwisho akakosa apewe karatasi yenye alama zake. Anayejua alianguka kwenye mbio atarudi akiwa na mapafu. Asiyejua chochote atarudi na pesa.

Nasi shuleni tuache kuandika "mwanafunzi mwenye nidhamu" kwenye kila cheti cha kumaliza masomo. Tuandike aliongoza nini, kwa muda gani, na nini kilibadilika.

Yule binti ana miaka 20, hivyo muda bado anao. Tumeripoti yule mtu kwa polisi na mama ameanza kulipa chama Sh2,000 kila wiki. Jana binti aliniuliza ajiandae kwa lipi, nikampa ratiba ya mazoezi na vitabu vya hesabu. Kuhusu uongozi nilimwambia asaidie kufunza timu ya wasichana ya mtaa wao, ingawa sina hakika kama hilo litahesabiwa.

Mwalimu wa shule ya upili,
Umoja, Nairobi