Barua kwa Vijana Mnaowarekodi Wazee wa Mji wa Kale

Wanangu,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, nawaarifu kuwa nimekaa na hasira hii tangu mwezi uliopita nikingoja ipoe ndipo niandike, nayo haikupoa. Nimeona bora niwaandikie ingali moto kuliko kuendelea kuyanong'ona barazani maneno ambayo ninyi wenyewe ndio mnaopaswa kuyasikia.

Bibi ninayemzungumzia mnamjua, na sitamtaja jina kwa sababu hazijapita siku nyingi tangu matanga yake yaanuliwe. Mlikwenda kwake mkiwa watano, mkamkalisha mbele ya mlango wa nakshi kwa kuwa mlango unapendeza kwenye picha. Naye, aliyekuwa na zaidi ya miaka 80, alitoa leso mpya sandukuni, akafukiza udi, akawasimulia kwa muda wa saa moja na nusu bila kuomba hata maji. Nilikuwapo, maana mimi ndiye niliyewaombea nafasi kwake. Kisha mkatoa kipande cha dakika tatu kilichotiwa muziki wa gambusi juu ya sauti yake, na nilipouliza yaliyobaki yako wapi, nikajibiwa kwa uchangamfu kuwa simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo mmeyafuta. Mmeyafuta! Wiki tatu baadaye tulimzika.

Na hizo dakika tatu nazo zina kasoro. Bibi alisema Kimvita, Kiswahili cha Mombasa yetu, lugha aliyozaliwa nayo. Akieleza walivyokuwa wakienda kisimani jioni katika usichana wao, alisema, "Tukifika pale tukiteka sana," na ninyi mkaandika chini ya picha kuwa walichota maji mengi. Wanangu, kuteka kwa Kimvita ni kucheka, kama vile macho ni mato na njia ni ndia. Hao wasichana hawakuwa wakichota. Walikuwa wakimcheka bwana afya aliyeinama kutafuta viluwiluwi vya mbu, kofia yake ikatumbukia kisimani. Sentensi ya kofia mliikata, labda kwa kuiona upuuzi wa kizee. Lakini baada ya kicheko hicho ndipo alipoeleza kuwa kisima kilikuja kufunikwa, mifereji ikaingia majumbani, na tangu hapo msichana akakosa sababu ya kutoka jioni na kukutana na wenzake, hata nyimbo walizokuwa wakiimba njiani zikakosa mahali pa kuimbiwa. Mwanamke mmoja alikuwa amewapa, kwa mdomo wake, habari ya jinsi maji ya mfereji yalivyobadilisha maisha ya wanawake wa mtaa mzima, nanyi mkabaki na mlango.

Mzee hasimulii kwa mstari ulionyooka. Husimulia kwa kubisha, kama jahazi linaloukabili upepo, aende huku arudi kule, na mwenye haraka humwona amepotea. Ukimkatiza kumrudisha kwenye swali lako, atakurudia kwa heshima na kukupa jibu fupi unalolitaka, na lile alilokuwa akilielekea litazama. Kaeni kimya. Akinyamaza, nanyi nyamazeni. Mara nyingi baada ya kimya ndipo neno lenyewe hutoka. Na mwacheni ataje majina ya watu, ya visima, ya ngoma, ya vitambaa, hata kama hamyaelewi, kwa maana siku moja atakuja anayeyaelewa.

Ninajua kuwa kazi hii inaweza kufanywa vizuri kwa sababu imefanywa hapa hapa. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Margaret Strobel alikaa Mombasa akiwasikiliza akina mama, akawauliza habari za ndoa, za utumwa na za vyama vya lelemama. Watu wengi waliiona lelemama kuwa ni ngoma tu ya kujifurahisha. Kwa kuwasikiliza wachezaji wenyewe ilijulikana kuwa vyama vile vilikuwa na vyeo, michango na ushindani mkali, na kwamba ndani yake wanawake walijifunza uongozi ambao baadaye, katika miaka ya 1950, ulizaa vyama vyao vya kudai elimu na maendeleo. Msingi wa habari hizo ni midomo ya akina mama waliopewa muda wa kumaliza.

Au mtazameni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, ambaye kila mmoja wenu hupenda kumtaja jukwaani. Alifariki mnamo mwaka 1840, na mashairi yake mengi yangalikwenda naye kaburini. Tunayo leo kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa bado anayakumbuka, akayaandika pamoja na maelezo, akishirikiana na mmishenari William Taylor aliyezikusanya karatasi zile. Karatasi zenyewe zimehifadhiwa London. Ushairi wa Mvita kulala London ni jambo linalonikera, lakini kila nikitaka kulalamika hukumbuka simu yenu iliyojaa.

Nije kwenye barua za zamani. Siku ya hitima ya bibi, kwenye nyumba nyingine hatua chache kutoka kwake, niliona gunia likipakiwa kwenye mkokoteni pamoja na godoro kuukuu. Nilipolifungua nikakuta barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimekunjwa mara nne, na mwenye nyumba akaniambia kuwa ni karatasi tu, hakuna anayezisoma. Ninakubali kuwa si rahisi kuzisoma. Katika maandishi yale herufi moja, be, huweza kubeba b, p na mb, na msomaji hulazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Lakini walimu wa chuoni, wafundishao Kurani, wenye ujuzi huo bado wapo mitaani mwenu. Nilisoma moja pale pale mlangoni, nimesimama: mtu anamwomba ndugu yake amletee tende na msimu wa kaskazi, anamlaumu kwa kutohudhuria harusi, na mwishoni anamnong'oneza bei ya nyumba. Ni mistari kumi na mbili, na humo mna chakula, ukoo, safari na biashara.

Mwaka 1711 watu wa Kilwa waliandika barua kwa Kiswahili, nazo zimesalia hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa kuwa huko zilipofika palikuwa na mtu mwenye desturi ya kutotupa alichoandikiwa. Sisi tulioandika hatukuweka nakala.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi, kwa kuwa mnayajua ila hamyatendi. Mwombeni mzee ridhaa kabla ya kurekodi na mwelezeni sauti yake itakwenda wapi. Mwanzoni mwa kila rekodi semeni tarehe, mahali na anayezungumza. Wekeni nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yenu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli. Msibandike selotepu kwenye barua iliyochanika, maana gundi yake huila karatasi. Chumvi ya hewa yetu, koga na mchwa vinatosha.

Msidhani ninawalaumu ninyi peke yenu. Nimekuwa karani maisha yangu yote, na katika ofisi moja niliyopata kuitumikia niliyaona madaftari ya ndoa na talaka yakinyeshewa msimu mzima wa masika chini ya paa bovu, na mimi nikaandika barua mbili za malalamiko, nikanyamaza. Nchi ina sheria ya nyaraka za umma tangu 1965, lakini kinachohifadhiwa kwa sheria hiyo ni karatasi za serikali. Humo tumo, ila tumo kama walalamikaji, washtakiwa na walipa kodi. Kicheko cha kisimani hakimo katika faili la bwana afya. Mwaka 2011 tulishangilia Ngome ya Yesu ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na ilistahili. Mawe yakapata walinzi, na nyumba zilizo jirani na mawe hayo zikaendelea kutoa magunia.

Gunia lile liko kwangu, juu ya kabati, mbali na sakafu. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, na mje na mmoja anayeijua khati. Tutazipanga kwa tarehe kabla ya mtu yeyote kutoa simu.

Na wewe uliyekuwa umesimama karibu na ngazi siku ile, mwenye kanzu ya kijivu, nilikuona ukiwa umeinua simu yako mwenyewe kwa kitambo. Itazame tena. Kama umebakiwa na hata robo saa ya sauti yake, usiikate wala usimtumie mtu, niletee ilivyo.

Wasalaam,
Baba yenu wa barazani