Mnyonya damu asiyecheka

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba sinema za kale za wanyonya damu hazitishi wala hazichekeshi, na kwamba wenye vibanda vya video wanaozionyesha wanakula pesa zetu bure. Kwa hili siwezi kunyamaza.

Jumamosi iliyopita kibanda kimoja hapa Busia kilionyesha Abbott and Costello Meet Frankenstein, ya mwaka 1948, sinema ya wachekeshaji wawili, Abbott na Costello. Jina ni la Frankenstein, lakini Dracula, yule mnyonya damu, naye yumo, tena ndiye bwana wa mambo yote. Picha haina rangi. Vijana wa bodaboda walijaa mpaka mlangoni. Kuna mahali Costello amebaki peke yake karibu na jeneza, mshumaa uko juu ya kifuniko. Kifuniko kinainuka taratibu, mshumaa unasogea. Anataka kumwita mwenzake, sauti haitoki. VJ wetu, yaani mtafsiri wa sinema kibandani, ambaye huongea bila kupumua, hapo alinyamaza kabisa. Mama mmoja muuza chapati akapiga kelele, "Toka hapo, mwanangu!" Kibanda kizima kikaangua kicheko, na bado watu walikuwa wameshikana mikono.

Siri ya sinema hiyo ni Bela Lugosi, anayeigiza Dracula. Alikuwa ameshamwigiza mwaka 1931, na miaka 17 baadaye, akiwa katikati ya wachekeshaji, hachekeshi hata kidogo. Joho, vidole, macho: yuko kazini. Angekonyeza jicho mara moja tu, woga ungekufa, na kicheko kingeufuata kaburini.

Tena kwetu habari hii si ngeni. Enzi za ukoloni, Kampala na Nairobi, watu wengi waliamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Wengine waliwaita mumiani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akiona gari jekundu alituvusha barabara mbio. Sisi wajukuu tulicheka, lakini mkono ulionishika ulikuwa unatetemeka, nami nikicheka huku moyo unanidunda. Hisia hiyohiyo ndiyo niliyoikuta kibandani Jumamosi, na sijaipata katika filamu hizi mpya zinazomwaga damu ndoo kwa ndoo.

Kwa hiyo wenye vibanda wasivunjike moyo, waendelee kutuletea. Na kwa watengenezaji wetu nina ombi. Pale Wakaliga, Kampala, mtengenezaji filamu Isaac Nabwana alishatuonyesha kwa Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kwamba risasi na kicheko vinakaa filamu moja, hata kama pesa ni kidogo. Basi tupeni mumiani wetu: usiku, gari jekundu limezima taa, na mbele yake vijana wawili wa boda walioishiwa petroli, wanabishana nani asukume pikipiki. Hao wawili watuvunje mbavu wapendavyo. Huyo anayeshuka garini asicheke.

Mpenzi wa sinema,
Busia, Uganda