Mama mdogo, kabla hujachomwa sindano nyingine ya maumivu

Mama mdogo, shikamoo.

Uliniambia kwenye simu kwamba mikono na miguu imekwisha nguvu, viungo vyote vinauma, na jirani ameshakuelekeza duka la dawa hapo Ujiji wanakochoma sindano ya maumivu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu malalamiko hayo hayo nakutana nayo mara kwa mara hapa Tabora nikiwa zamu wodini. Wengi wanaokuja nayo wameshachomwa sindano hiyo tena na tena kabla mtu hajawauliza swali la kwanza: nguvu zimepungua kweli, au ni maumivu ndiyo yanayokuzuia?

Hayo ni mambo mawili. Goti likiuma utashindwa kuinuka kwenye kigoda, ilhali misuli yenyewe ni mizima. Maumivu yakipoa unainuka. Misuli au neva, yaani mishipa ya fahamu, ikiwa na hitilafu, pengine husikii maumivu hata chembe na bado mguu haukutii. La tatu ni ganzi, ambayo wengi huijumlisha humo humo kwenye "kuishiwa nguvu". Daktari akijua ni lipi kati ya hayo, limeanzia wapi na limeanza lini, kazi yake inapungua sana.

Kwa hiyo jichunguze, mama. Ukiwa umechuchumaa unaanika dagaa pale Kibirizi, unaweza kusimama bila kushika kitu? Ukimsuka mjukuu, mikono inalegea kabla hujamaliza kichwa? Mapaja na mabega yakiwa ndiyo yaliyolegea, daktari huangalia tezi ya shingo, magonjwa ya misuli yenyewe, na dawa za steroidi, yaani prednisoloni na deksamethasoni, ambazo wapo wanaozinunua ili wanenepe. Zikitumika muda mrefu hula misuli ya mapaja. Kuziacha ghafla nako ni hatari, kwa hiyo kama na wewe unazo, usizikatishe mwenyewe. Zitaje tu, hakuna atakayekugombeza.

Lakini ukiniambia kandambili inakuvuka njiani na wewe huna habari mpaka mtu akuite, hapo nitataka sukari ipimwe kesho asubuhi. Kisukari huharibu neva kuanzia zile ndefu kuliko zote, ndiyo maana huanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, kikapanda taratibu kuelekea magoti. Usiku nyayo zinawaka moto au mtu anahisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi, mchana hasikii hata akikanyaga msumari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7 (milimoli kwa lita) au kupita, na ikirudiwa siku nyingine ikawa vile vile, hicho ni kisukari. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni. Inaniuma sana kuona mtu ameletwa na kidonda kilichooza wakati miguu yake ilikuwa ikimwonya muda wote huo.

Ganzi ya namna hiyo ina sababu nyingine ambazo dawa zake ni rahisi, na ndiyo maana zisisahaulike. Waliotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka wanaweza kupungukiwa vitamini B12. Wanaomeza izoniazidi, iwe kutibu kifua kikuu au kukikinga, hupewa pamoja nayo vitamini B6 ili isiwaletee ganzi hiyo. Ukimwona mtu anameza izoniazidi bila B6, mwambie aulize kliniki. Pombe ya kila siku nayo inaua neva. Na ganzi inayokaa kwenye baka la ngozi lililopauka inaweza kuwa ukoma, ambao unapona kwa dawa zinazotolewa bure.

Mikono yako nina wasiwasi nayo kidogo tu. Kama ganzi inakuamsha usiku, iko kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na ukiukung'uta mkono unapata nafuu, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono kwa kazi ya kupinda na kukunjua mchana kutwa. Hilo linatibika. Ila vidole vikishindwa kufunga vifungo vya nguo na wakati huo huo miguu imekuwa migumu kutembea, shingo ipigwe picha, maana huenda uti wa mgongo unabanwa hapo.

Najua utaniuliza habari ya muhogo, maana sisi Kigoma ugali wa muhogo ndio chakula chetu. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha unabaki na sumu ya sayanidi, na sumu hiyo inaweza kukakamaza miguu yote miwili kwa mara moja, bila maumivu, na isirudi tena kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Tarime uliwapata watu mwaka 1985 wakati wa ukame, njaa ilipowafanya watu wafupishe maandalizi. Hupata zaidi watoto na kina mama walio katika umri wa kuzaa, na hasa pale ambapo hakuna kitoweo. Wewe unakula na migebuka na dagaa na unaloweka siku zote tatu, kwa hiyo sidhani. Wajukuu lakini wasimamie, mwaka ukiwa mbaya watu hukosa subira.

Na ziwa tunalolipenda lina kichocho. Wachache sana, lakini wapo, mayai yake huingia kwenye uti wa mgongo, mgongo ukauma na miguu ikalegea ndani ya siku au wiki. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye pingili za mgongo na kufanya hivyo hivyo polepole zaidi, pamoja na kukonda na homa za jioni.

Sasa sindano. Diklofenaki inatuliza maumivu, sikatai, na mtu aliyeteguka ana haki ya kutulizwa. Lakini wewe una presha, na dawa hiyo huipandisha, huchosha figo na inaweza kutoboa tumbo. Ukitumia pia vidonge vya kukojoza maji vya presha, figo zinabebeshwa mzigo mara mbili. Vidonge hivyo vyenyewe, ukiharisha au usipokula vizuri, vinaweza kushusha potasiamu mpaka misuli ikalegea mwili mzima, na hapo sindano haitafanya lolote. Halafu kuna mahali inapochomwa. Nyuma ya kalio inapita neva kubwa ya mguu. Mchomaji akikosea, unaweza kutoka dukani unaburuta unyayo. Nimewahudumia waliopatwa na hayo, tena walikuwa wamekwenda kutibiwa mgongo tu.

Yapo mambo ambayo hayasubiri asubuhi. Upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakawa mazito, hicho ni kiharusi mpaka ithibitike vingine. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama amepata nafuu njiani, na asipewe aspirini kabla ya kipimo cha kichwa, kwa kuwa hakuna anayejua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tu. Wazee wakisema ametupiwa kitu, dua isomwe, na mimi nitaitikia amina, lakini isomwe garini.

Udhaifu unaoanzia nyayoni ukapanda siku hadi siku, hasa wiki chache baada ya kuhara au mafua makali, unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Mgongo ukiuma na mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, na sehemu za kukalia zikawa na ganzi, ni dharura. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu kama ile ya treni, inaweza kuwa damu imeganda, usiukande. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na misuli inauma, figo ziko hatarini. Na mtoto aliyelegea mguu ghafla apelekwe hata kama chanjo zote alipata, maana lazima kinyesi chake kipimwe polio. Mwaka 2023 alipatikana mgonjwa mkoani Rukwa, si mbali na kwetu.

Nenda hospitali ya Maweni Jumatatu asubuhi bila kunywa chai. Binti yako akusindikize abebe dawa zote unazotumia pamoja na maboksi yake, hata za mitishamba. Mwambie daktari ilianza lini, ilianzia wapi, na asubuhi na jioni ni ipi mbaya zaidi. Mkitoka nipigie, hata nikiwa nimelala baada ya zamu ya usiku: nataka kujua sukari ni ngapi, presha ni ngapi, na kama alikugonga magoti kwa kile kinyundo cha kupima neva.