Shoga, ongea na mwanao kabla hajanunua gari

Shoga yangu,

Za siku nyingi, mama hajambo na ile miguu yake? Sisi huku Houston wazima, joto tu ndo linatutesa. Jumapili mwanao alikuja kula pilau, kakua jamani, miaka 19 hiyo, kaniambia leseni kashapata na anatafuta kigari cha kwendea chuo. Nimefurahi ila usiku usingizi haukuja ndo maana nakuandikia.

Nyumbani ukishafika 18 unaagiza bia yako hakuna anayekuuliza. Huku ni 21, na huku Texas dereva ambaye hajafika 21 hawamuulizi kalewa au hajalewa, wanaangalia kaonja au hajaonja. Sheria ndo hiyo tangu 1997. Ile 0.08, kikomo cha pombe kwenye damu kwa watu wazima, wanayoitaja wenzake chuoni isimdanganye, yeye akifika hapo anashtakiwa kama mtu mzima na jela ipo.

Najua kwa sababu yamenikuta. Mwaka juzi tulikuwa na nyama choma, mwanangu naye alikuwa na 19, nikampa kopo moja la bia kwa mkono wangu mwenyewe, maana Texas mtoto akinywa mbele ya mzazi wake sheria inamruhusu, na hapo ndo wengi tunapojichanganya, ruhusa ni ya kunywa ukiwa umekaa na mzazi, ya kuendesha haipo kabisa. Jioni akaenda kumrudisha rafiki yake, kumbe taa ya nyuma imeungua, akasimamishwa. Polisi kainama dirishani na tochi kasikia harufu, basi. Hakuwa amelewa shoga, kopo moja na sahani nzima ya nyama! Faini, darasa la pombe, masaa 20 ya kuokota takataka, na leseni ikafungiwa siku 60. Siku zote hizo nampeleka mimi kazini saa kumi na moja alfajiri, kakaa pembeni kakumbatia hotipoti lake, kimya, na mimi nasikia tu ile sauti ya kopo nilivyolifungua.

Sasa wangu ni raia, wako yupo kwa viza ya mwanafunzi, na kwa kesi za pombe na gari viza inaweza kufutwa hata kabla hakimu hajasema neno. Tena asije akajidai kukataa kupuliza kipimo, akikataa leseni wanaifungia siku 180.

Mimi nimemwambia, kaitika "sawa anti" macho yapo kwenye simu. Wewe mama yake atakusikia. Usimfokee, mwambie tu akishaonja hata nusu glasi funguo asiiguse, anipigie, iwe saa nane usiku nitatoka na kanga yangu nimfuate na sitamuuliza kitu njiani.

Ukishaongea naye nitumie voisi, nasubiri.

Mwenzio