Kuhusu Shaba

Uyole, Mbeya
28 Julai

Mwanangu Atupele,

Hujambo? Sisi wazima, ila baridi imetubana. Jana asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa sakitu.

Nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa wadogo zako: yule paka wako Shaba hayupo tena hapa nyumbani. Hajafa wala hajapotea. Nimempeleka Kiwira kwa Bibi Mwalimu, na nataka ujue kila kitu, maana wewe ndiye uliyemtoa mtaroni usiku ule wa mvua ukamviringisha kwenye kanga yangu.

Ulipoondoka tu, paka wetu Tatu alihamia juu ya kabati. Alikuwa hashuki kula mpaka nimbebe, na akishuka anatembea tumbo likigusa sakafu. Shaba hakuwa na kelele. Alikaa mlangoni pa jikoni, kati ya Tatu na sahani, akimkazia macho bila kupepesa. Mimi nilidhani amejipumzikia. Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza kwamba kukaa vile ni kumfungia mwenzake njia. Nikakumbuka siku zote nilizopita pale nikimsifu Shaba kwa utulivu, kumbe Tatu ana njaa kule juu. Iliniuma sana.

Kisha ikaja zamu ya Bonge, paka wetu mwingine. Nilikuwa nampapasa nikagusa uvimbe wa moto karibu na mkia, mkubwa kama kiazi. Shaba alikuwa amemng'ata, na meno ya paka ni membamba kama sindano. Ngozi hufunga haraka juu ya jeraha, usaha ukabaki chini. Daktari alipasua akasafisha, sasa anaendelea vizuri.

Usidhani sikujaribu. Vile vitambaa ulivyokuwa ukiwabadilishia ili wazoeane harufu, niliendelea navyo. Niliwalisha huku na huku ya mlango uliofungwa. Shaba alishafungwa kizazi tangu mwezi wa tano, wewe ulikuwepo. Lakini lipo kosa moja ambalo ni langu: siku ile ya kwanza mimi ndiye niliyemweka Shaba kwenye sahani moja na wenzake, nikisema watazoeana tu kama watoto wanavyozoeana. Paka hayuko hivyo. Huwinda peke yake, na paka mgeni kwake ni mvamizi wa shamba. Nisamehe kwa hilo, mama.

Jirani mmoja alinishauri nimtie kwenye gunia nikamwache sokoni Mwanjelwa, eti huko panya ni wengi. Nilikataa. Mnyama asiyeweza kukaa na wenzake, unampelekaje mahali paka wamejaa? Ingekuwa kumrudisha mtaroni ulikomtoa.

Bibi Mwalimu hana paka mwingine, na majirani zake nao hawana; nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza. Panya wanammalizia mahindi yake kwenye kihenge. Sikumficha kitu. Nilimweleza habari ya Tatu na ya Bonge, nikamkabidhi kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akaniuliza jambo moja tu: "Anapenda kupakatwa?" Nikamwambia, kupita kiasi.

Tulikwenda kwa kosta, yeye ndani ya tenga, nimemfunika kwa sweta lako la zamani. Alilia njia nzima mpaka Isyonje, kwenye ule ukungu. Tulipoanza kuteremka akanyamaza, amechomeka pua kwenye mkono wa sweta. Nikalia mimi. Nawe ukitaka kulia, lia mwanangu. Sweta nimeliacha kule, usilitafute.

Kwa sasa anakaa ndani tu. Nimemwomba Bibi asimtoe nje mpaka zitimie wiki tatu, maana paka akitoka mapema hutafuta njia ya kurudi alikotoka, na malori ya mpakani Kasumulu yanapita pale usiku na mchana. Juzi Bibi amepiga simu: siku mbili za kwanza Shaba alijificha chini ya kitanda, siku ya tatu akapanda mwenyewe, na sasa analala miguuni pake.

Hapa nyumbani, jana Tatu ameshuka kabatini bila kubebwa. Alikunywa maji, akajinyoosha katikati ya jikoni, akalala palepale nikawa namruka nikipika.

Desemba mkifunga shule tutashuka wote Kiwira ukamsalimie. Ila usije na tenga.

Mama yako